Amri katoa Sultani, kesi kabeba Hurrem

Tamthilia ya Kituruki ya Sultan ilipokuwa ikirushwa na Azam TV kwa sauti za Kiswahili, ungeweza kuzunguka mtaa mzima ukitafuta mtu wa kumtetea Hurrem na ukarudi mikono mitupu. Kina mama walimchukia. Vijana walimtukana. Hata wale wazee wanaoapa kwamba hawaangalii "tamthilia za wanawake" walilijua jina lake, sijui walilisikia wapi. Ukitazama kwa haki, msichana aliyetekwa kwao, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, akauzwa utumwani, akaingizwa kasri la Istanbul hana ndugu wala hajui lugha, kisha akapanda mpaka akawa mke wa ndoa wa Sultani Suleiman, mmoja wa watawala wakubwa wa zama zake, huyo ndiye stelingi. Angekuwa mwanamume mwenye upanga tungempigia makofi. Lakini stelingi wetu akawa Suleiman, na Hurrem tukampa uadui.

Siku hizi watu wamehamia kwingine. Jua Kali ina watu wake, Huba ina wake, za Kituruki na za Kihindi zinapishana kila jioni. Ila nikisikiliza mabishano yao, kesi ni ileile ya Hurrem na hukumu ni ileile. Ndiyo maana narudi kwake.

Watazamaji wetu hawaulizani sana kama tamthilia ni nzuri. Swali hilo rimoti imeshalijibu: mbaya inabadilishwa. Wanachoulizana ni nani mwenye haki. Nani kamkosea nani, nani alipaswa kunyamaza, nani amestahili yaliyomkuta. Mtu anaweza asikumbuke jina la mwigizaji hata mmoja, lakini akakupa wasifu wa mhusika kuanzia tabia, ukoo hadi dhambi zake za sizoni ya kwanza. Wako wanaoliona hili kuwa ushamba, kwamba mtazamaji aliyeelimika huzungumzia uongozaji, mwanga na uandishi wa skripti. Mimi sioni hivyo. Kubishana juu ya haki ndiyo kazi ya kwanza ya hadithi, na baraza la watazamaji linaifanya kwa umakini ambao wahakiki wengi wa magazeti hawana. Tatizo langu liko kwenye mizani yenyewe. Imeegemea upande mmoja, na imeegemea kwa muda mrefu.

Tuchukue shitaka kubwa kuliko yote: kifo cha Mustafa, mtoto wa Suleiman na Mahidevran, suria aliyemtangulia Hurrem, kipenzi cha wanajeshi na cha watazamaji. Oktoba 1553, Suleiman akiwa njiani kwenda kupigana na Waajemi, alimwita mwanawe kambini karibu na Ereğli. Mustafa akaingia kwenye hema la baba yake, akanyongwa humohumo. Hayo yamo kwenye historia, na tamthilia haikuyakwepa. Hurrem hakuwa kambini. Aliyeita ni baba, aliyeamuru ni baba, na hema lilikuwa la baba. Hurrem anashitakiwa kwa fitina: kwamba yeye na mkwewe, Rüstem Pasha, walimjaza Sultani maneno mpaka akaamini mwanawe anataka kumpindua. Haya, tuseme ni kweli. Mtu aliyekaa kwenye kiti miaka 33, akapiga Belgrade na Rhodes, akatunga sheria mpaka watu wake wakamwita Mtunga Sheria, leo tunaambiwa hakuwa na uwezo wa kuchunguza barua kabla ya kumnyonga mwanawe. Ukimtetea Suleiman kwa hoja hiyo unamtukana.

Na Hurrem alikuwa na sababu ambayo tamthilia iliirudia mpaka ikachosha. Kwa sheria iliyoachwa na Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Istanbul 1453, mwanamfalme akishika kiti aliruhusiwa kuwaua ndugu zake wa kiume ili ufalme usigombaniwe. Mustafa angetawala, watoto wa Hurrem wangekuwa wanasubiri kamba. Mama gani angekaa anapiga umbea huku akijua hilo? Nimewahi kuliuliza swali hili mbele ya watu wazima wenye watoto wao, na jibu lililokuja haraka kuliko yote lilikuwa: "Angemwachia Mungu." Hakuna aliyesema Suleiman naye angemwachia Mungu.

Upo ushahidi mwingine ambao upande wa mashitaka haupendi kuusikia. Mustafa hakuwa mtoto wa mwisho kufa kwa amri ya Suleiman. Bayezid, ambaye mama yake ni huyohuyo Hurrem, alipigana na ndugu yake Selim, akashindwa, akakimbilia Uajemi. Baba yake akalipa dhahabu ili mkimbizi huyo amalizwe, na mwaka 1561 Bayezid akanyongwa pamoja na watoto wake. Hurrem alikuwa amefariki tangu 1558. Fitina ya nani ilifanya kazi hapo? Nilipoiweka hoja hii kwenye kundi la WhatsApp tunalojadilia tamthilia, kundi lenye watu wanaobishana mpaka saa 6 za usiku, nilijibiwa kwa sauti ya sekunde chache: "Huyo alimroga kabla hajafa." Vicheko vikafuata, tukaendelea na mengine.

Nadhani nilielewa vizuri zaidi siku nyingine, kwenye saluni moja ya Mwananyamala. Mchana, marudio yanaendelea, runinga imetundikwa juu ya kioo na rimoti imevishwa nailoni isiingie mafuta ya nywele. Msusi alikuwa nusu ya kichwa cha mteja wake. Mustafa alipoingia hemani, mikono ya msusi ilisimama, rasta moja ikabaki inaning'inia haijafungwa.

"Tazama, tazama. Yule mwanamke yuko huko Istanbul anakunywa sharubati."

Mama mmoja aliyekuwa amekaa na dawa kichwani, akisubiri kuoshwa, akauliza bila kugeuka, "Kwani kamba kashika yeye?"

Kimya kidogo. Kisha mteja mwenye nusu kichwa akasema kwa adabu, "Mama, samahani, wewe hukuanza nayo."

Hoja ikaishia hapo. "Hukuanza nayo" ni pingamizi la kisheria kwenye mahakama ya tamthilia. Asiyeiona tangu mwanzo hana haki ya kuhoji, kwa sababu hajui Hurrem alimfanyia nini Mahidevran kwenye sizoni ya kwanza, hajui kuhusu waziri Ibrahim Pasha, hajui mangapi. Lakini yule mama alikuwa ameona kitu ambacho walioanza nayo hawakukiona tena. Alikuwa anatazama chumba kilichokuwa kwenye runinga wakati ule: hema, kamba, baba. Wenzake walikuwa wanatazama jalada zima la mashitaka waliloliandika kwa miezi.

Jalada hilo linaandikwaje? Sehemu yake inaandikwa na watu ambao hawakuona. Si kila nyumba ina king'amuzi chenye kifurushi hai, umeme unakatika, bosi anakuchelewesha kazini, mtoto anaumwa. Kwa hiyo watu wengi wanaifuata tamthilia kwa kusimuliwa: asubuhi kwenye daladala, ofisini, kwenye sauti za simu. Msimuliaji ana dakika mbili. Dakika 40 za kasri, na minong'ono, na kusitasita kwa Sultani usiku kucha, zinageuka kuwa "Hurrem kamuua Mustafa." Suleiman hamo hata kwenye sentensi. Aliyesimuliwa naye anamsimulia mwingine, na jioni wote wanakaa mbele ya runinga wakijua tayari wa kumchukia. Wala jambo hili si geni kwetu. Wale watafsiri wa filamu wa kwenye vibanda umiza, wanaopaza sauti juu ya sauti za waigizaji, siku zote wameingiza hukumu zao ndani ya tafsiri, na tumewapenda kwa hilo.

Sehemu nyingine imeandikwa na kamera, na hapa waandaaji hawana pa kujificha. Tamthilia ya kila siku ni ya ndani ya nyumba. Vita ni ghali, vyumba ni rahisi. Kwa hiyo tunaonyeshwa mwanamke akiwaza: anasikiliza mlangoni, anakunja barua, anageuka kwenye kioo, uso unakaribia mpaka tunaona kope, muziki unapanda. Tunaijua nia yake kabla hajasema neno. Mwanamume tunaonyeshwa akiamua. Anasimama dirishani ametupa mgongo, anashika muhuri, anatoa amri, na tukio limekwisha. Nia yake hatukuiona ikipikwa, kwa hiyo tunaiita siasa, au uzito wa madaraka, au tunasema alidanganywa. Tunamhukumu tuliyemwona akiwaza. Uovu wa Hurrem una uso na wa Suleiman una mgongo tu. Na hili halitokani na uandishi wa wanaume peke yao. Aliyeibuni tamthilia ile na kuiandika mpaka alipofariki mwaka 2012 alikuwa mwanamke, Meral Okay, na alimpa Hurrem akili na hamu kuliko mhusika mwingine yeyote. Akili ile ndiyo tuliyoitumia kumfunga nayo.

Asije mtu akaniambia ni ushamba wa Waswahili. Huko Uturuki kwenyewe, tamthilia ilipoanza mwaka 2011, malalamiko yalimiminika kwa mamlaka ya utangazaji, na Novemba 2012 Waziri Mkuu wa wakati huo, Recep Tayyip Erdoğan, aliisema hadharani: Suleiman wanayemjua wao alikaa miaka 30 juu ya farasi, hakukaa kwenye kasri kama anavyoonyeshwa. Naye alikuwa mtazamaji akitoa maoni, na maoni yake yalikuwa ya kumsafisha mwanamume. Kipande cha kifo cha Mustafa kilipoonyeshwa mwaka 2014, watu walikwenda kwa wingi kwenye kaburi lake Bursa. Na ukirudi nyuma zaidi, mwaka uleule wa 1553, wanajeshi walikasirika, na mshairi Taşlıcalı Yahya akatunga maombolezo makali yaliyomtupia lawama Rüstem. Suleiman akamwondoa Rüstem kwenye uwaziri mkuu, hasira zikapoa, na miaka miwili baadaye akamrudisha. Sultani alijua kazi ya mtu wa kulaumiwa. Watazamaji wa Mwananyamala na askari wa kambini wametenganishwa na zaidi ya miaka 450, na wote wamepita mbele ya mlango wa mwenye amri bila kubisha hodi.

Kwetu kuna kingine kilichoongeza moto. Pwani hatukuhitaji kufundishwa kasri la masuria ni nini. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, wote wa masuria, miongoni mwao Majid na Barghash waliotawala Zanzibar mmoja baada ya mwingine na waliowahi kugombania kiti. Mama wa Sayyida Salme, mmoja wa mabinti wa Sayyid Said, alikuwa Mcherkesi aliyeletwa kutoka mbali kama walivyoletwa wanawake wa Istanbul. Kwa hiyo mtazamaji wa Unguja hakuwa akiangalia mambo ya ng'ambo tu. Na bara na pwani kwa pamoja, tuna ndoa za wake wengi zinazotambuliwa na sheria, kwa Tanzania Bara ikiwa ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na tuna nyumba ndogo zisizotambuliwa na sheria yoyote. Mahidevran alisomwa kama mke mkubwa. Aliyekuja wa kwanza, akazaa mtoto wa kwanza wa kiume aliyekua, kisha akaona mlango wa chumba ukifungwa mbele yake na mgeni akiwa ndani. Ni wanawake wangapi walikaa mbele ya runinga ile wakijua hasa Mahidevran anahisi nini?

Hapo ndipo nashindwa kuwadharau wanaomchukia Hurrem. Mwanamke ambaye kodi, ada na unga vinatoka mfukoni mwa mumewe hana faida ya kumkasirikia mume, hata wa kwenye runinga. Kumkasirikia Hurrem hakumgharimu kitu. Anaweza kumtukana kwa sauti, mume akiwa amekaa kiti cha pili, na mume naye akaitikia, "Mwanamke hatari huyo." Wamekubaliana jambo, usiku umepita salama. Mashoga zangu watanisema kwa hili, lakini nimeliona kwenye nyumba zaidi ya moja.

Kenya nayo ina jalada lake. Maria ilipokuwa ikionyeshwa Citizen TV, kuanzia 2019, ikitayarishwa na Rashid Abdalla na Lulu Hassan, nchi iligawanyika kati ya Maria na Sofia. Mmoja msichana aliyelelewa kwenye umaskini, mwingine mchumba wa Luwi aliyekuwepo tangu mwanzo. Watu walibishana hadi kwenye matatu: Sofia mwovu, hapana, Sofia kaonewa, Maria malaika, hapana, Maria mnyang'anyi. Na Luwi? Luwi alikuwa kombe. Kijana mwenye uchumba huku na moyo kule, ambaye angeweza kuimaliza hadithi nzima kwa mazungumzo ya kiungwana ya dakika 10 na mchumba wake, alipita katikati ya moto bila kuungua shati. Sikumbuki mabishano makali juu ya Luwi. Kabla yake, mwaka 2011, TBC ilituletea tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, ikapendwa mpaka Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Tulicheka, tukabishana kuhusu mkwe na mkamwana. Mume, ambaye ndiye aliyewakutanisha, tulimwonea huruma.

Je, ni maumbile ya hadithi, kwamba mwanamke abebe lawama? Hapana, na tunao mfano wetu wenyewe wa kukanusha. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio uliolenga uzazi wa mpango na Ukimwi. Mhusika wake aliyejulikana kuliko wote alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mke nyumbani, wanawake njiani. Mkewe ni Tunu. Mchezo ulijengwa kwa mbinu iliyobuniwa Mexico na Miguel Sabido: awepo mhusika wa kuigwa, awepo wa kuepukwa, na awepo mmoja wa katikati, anayebadilika polepole huku msikilizaji akibadilika naye. Tunu ndiye aliyebadilika. Alianza akiwa wa "ndiyo mume wangu", akaanzisha biashara yake ndogo, akapata kauli. Mkwaju akavuna alichopanda, akaugua Ukimwi.

Wakati ule mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo huo mpaka 1995, makusudi kabisa, ili watafiti walinganishe wasikilizaji na wasiosikia. Katika walichokiona, mazungumzo ya watu baada ya kipindi yalikuwa na uzito mkubwa: mke na mume, jirani na jirani, wakimjadili Mkwaju ndipo wakajijadili wenyewe. Yaani baraza lilelile ninalolizungumzia hapa. Tofauti ni nani aliyepandishwa kizimbani. Waandishi walimweka dereva wa lori mbele ya kipaza sauti, wakatusikilizisha akipanga, akidanganya, akijipa sababu. Tulimsikia akiwaza. Na kwa kuwa tulimsikia akiwaza, tulimhukumu yeye, wala hakuna aliyesema wale wanawake wa njiani walimroga.

Kwa hiyo inawezekana. Mwandishi wa skripti anayeandika sasa hivi kipande cha wiki ijayo anaweza kumpa mume tukio moja la kukaa peke yake kitandani akipiga hesabu ya uongo atakaomwambia mkewe, uso wake ukiwa karibu kama tunavyousogelea wa mchepuko. Gharama haiongezeki hata senti. Halafu atuachie sisi na midomo yetu. Tamthilia za kila siku zina nafasi ambayo filamu haina: mtazamaji analala na kesi, anaamka nayo, anaibeba kazini, anairudisha jioni. Sizoni zinazowekwa zote kwa mpigo kwenye mtandao zimeiua nafasi hiyo. Mtu anameza vipande 8 usiku mmoja, na kesho hana wa kubishana naye kwa sababu mwenzake yuko kipande cha 2 na hataki kuharibiwa uhondo. Sisi bado tunayo. Ingekuwa hasara kuitumia miaka yote kumhukumu mtu yuleyule.

Nimesema nasikiliza mabishano ya sasa, na ni kweli yapo mabadiliko madogo. Wasichana wa miaka ishirini na kitu wana ukali ambao mama zao hawakuwa nao. Mume wa kwenye tamthilia akirudi saa 9 usiku, hawangoji kujua nani aliyemchelewesha; wanaandika papo hapo, "Achana naye huyo, dada, chukua watoto." Wanaitwa wavunja ndoa kwenye makundi hayohayo, na dada mkubwa wa kundi anawaambia wakiolewa wataelewa. Wao wanajibu kwa picha ya paka anayecheka. Hukumu bado haijabadilika, ila kizimba kimeanza kupata mtu wa pili.

Sultan ilikwisha kama historia ilivyokwisha. Mwaka 1566 Suleiman alifia vitani huko Szigetvár, Hungary, mzee, mgonjwa, amezika au ameua karibu watoto wake wote wa kiume, na kiti kikaenda kwa Selim, mtoto wa Hurrem, ambaye mama yake hakuwahi kumwona akitawala. Usiku wa kipande kile kundi letu lilijaa mikono ya dua na nyuso za kulia. Watu waliandika innalillahi, waliandika pumzika kwa amani baba, mmoja aliandika kwamba hatatokea tena mwanamume kama yule. Nikapandisha juu mazungumzo ya nyuma kutafuta tulichoandika siku aliyofariki Hurrem. Zilikuwa ni jumbe za kupongezana, na mtu mmoja alikuwa ameuliza kama marudio ni saa ngapi.